Weupe Ukishaungua Haurudi: Jibu kwa Mpiga Picha wa Nyakato

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mpiga picha wa harusi na sherehe hapa Mwanza, naishi Nyakato. Mteja wangu anamalizia nyumba ya wageni upande wa Luchelele na anataka picha kubwa ya batamaji, yule mkubwa wa shingo ndefu ambaye Waingereza humwita swan, akiwa ziwani, aitundike mapokezi. Nimeenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba asubuhi, kama saa nne hivi, nikapiga wale ndege weupe wenye shingo ndefu, miguu myeusi na vidole vya njano. Kila picha ndege anatoka mweupe pee kama karatasi, unyoya hauonekani hata mmoja. Jamaa mmoja aliniuzia furushi la filta za kompyuta kwa elfu thelathini, akasema litarudisha manyoya. Hayakurudi. Sasa anasema tatizo ni kamera, ninunue kubwa zaidi, na anayo ya kuniuzia. Mimi nina kamera ya kawaida na lenzi ya 70-300. Ninunue? Na hao batamaji wenyewe nitawapata ufukwe gani?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Usinunue. Kamera uliyonayo inatosha, lenzi inatosha, na huyo jamaa anakuzungusha. Swali lako linanifikia kila mara, leo kutoka Musoma, kesho kutoka Bukoba. Ndege hubadilika, muuza dawa ni yuleyule.

Nimalize kwanza la batamaji, maana jibu lake ni fupi: hutampata ufukwe wowote. Ziwa Victoria halina batamaji wa porini, na Afrika yote kusini mwa Sahara haina spishi yake ya asili. Batamaji weupe ni wa Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini; mweusi ni wa Australia; na Amerika Kusini wana wao, mwili mweupe shingo nyeusi. Afrika Kusini waliwahi kuachiwa batamaji wa Ulaya, wakazaana kwa muda, kisha wakatoweka. Batamaji pekee utakayemwona ukiwa Mwanza ni yule wa nyota: Septemba, saa tatu usiku, simama ufukweni ukitazama kaskazini, kundi lile refu lenye umbo la msalaba ndilo Wagiriki wa kale walilomwona kama batamaji anayeruka. Huyo mteja wako hawezi kumtundika mapokezi.

Uliowapiga Kirumba ni yangeyange wadogo. Vidole vya njano kwenye miguu myeusi vinatosha kuwatambulisha. Yangeyange mdogo ana uzito wa nusu kilo hivi, wakati batamaji dume wa Ulaya hupita kilo kumi na mabawa yake yakitandazwa huzidi mita mbili. Na kama mteja wako anaapa kwamba amewaona batamaji kwa macho yake huko Luchelele, usibishane naye sana. Kaona mwari, yule ndege wa mdomo wenye mfuko. Mwari akielea mbali, kainamisha mdomo kifuani, mwili mkubwa umekaa juu ya maji, mtu asiyemjua humwita batamaji bila kuwa na nia mbaya.

Sasa twende kwenye hiyo karatasi.

Kamera haijui kwamba mbele yake kuna ndege. Inachukua mwanga wote uliomo kwenye fremu, giza na weupe pamoja, inatafuta wastani, kisha inajipanga ili wastani huo utoke kijivu cha katikati. Pale Mwaloni fremu yako imejaa nini? Maji ya kivuli, mawe meusi, ubavu wa mtumbwi. Yangeyange ni kipande kidogo tu katikati. Kamera inaona giza tupu, inasema fremu hii haina mwanga, inaongeza. Mawe yanatoka vizuri sana, kila ufa unauona, na ndege anaungua, yaani mwanga unamzidi mpaka anabaki weupe mtupu. Kosa hili linafanywa na kamera ya laki nne na linafanywa na kamera ya milioni kumi na mbili, kwa sababu zote zinapima kwa mantiki hiyohiyo. Hizi mpya zenye kutambua jicho la ndege husaidia kwenye fokasi. Kwenye mwanga bado zinadanganyika.

Mpige ndege huyohuyo akiwa angani, nyuma yake mawingu meupe, uone kinyume chake: kamera inaona weupe mtupu, inapunguza, na yangeyange anatoka wa kijivu kama aliyelala jikoni. Ndiyo maana anayekwambia "ndege mweupe punguza mwanga, basi" amekupa nusu ya jibu. Unatazama kilicho nyuma ya ndege. Kama nyuma ni giza, tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, shuka hadi kutoa moja, yaani hatua moja, ambayo ni nusu ya mwanga, na jua likiwa kali shuka hadi kutoa moja na theluthi mbili. Kama nyuma ni anga jeupe, panda hadi kujumlisha moja.

Mimi mwenyewe situmii njia hiyo siku ya jua. Naweka kamera kwenye manyuali, yaani napanga mwanga mwenyewe, na kuiacha hapo. Fikiria hivi: jua linalompiga yangeyange akiwa juu ya jiwe jeusi ni lilelile linalompiga akiruka kupita mbele ya mtumbwi wa bluu. Ndege hajabadilika, kilichobadilika ni mandhari, na kamera ya otomatiki inahangaika na mandhari. Kwa jua kamili lisilo na wingu, anza na ISO 400 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), tundu f/8 (mlango wa mwanga kwenye lenzi), spidi 1/3200 ya sekunde. Hiyo nimeitoa kwenye kanuni ya zamani ya enzi za filamu: jua kali, tundu f/16, spidi sawa na namba ya ISO. Ukifungua tundu hadi f/8 unapata spidi ya 1/1600, kisha unapunguza mwanga kwa nusu kwa sababu mlengwa wako ni mweupe. Asubuhi mapema, jua likiwa bado la njano, mwanga ni hafifu, basi shusha spidi hadi 1/1000 au ongeza ISO. Ndege anayetembea kwenye maji 1/1000 inamtosha. Anayeruka, usiende chini ya 1/2000.

Halafu usiamini kioo cha nyuma. Kwenye jua la Mwanza kioo kinaonyesha kila picha ni nyeusi, unaongeza mwanga ambao haukuhitajika. Ingia kwenye menyu, washa onyo la mwanga uliozidi, lile linalofanya sehemu zilizoungua ziwake na kuzima. Piga moja. Kifua cha ndege kikiwaka-waka, punguza theluthi moja ya hatua, piga tena, mpaka kinyamaze. Kazi hiyo ni ya nusu dakika. Na kama unatumia simu, gusa ndege kwenye kioo kisha vuta kile kijua kidogo kushuka chini. Tofauti utaiona palepale.

Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, maana elfu thelathini yako imepotelea hapa.

Kuna imani imeenea kwa wapiga picha wa mji huu, wenye uzoefu na wasio nao, kwamba picha hutengenezwa nyumbani. Piga tu, utarekebisha baadaye. Kwa picha ya bibi harusi ndani ya ukumbi, sawa, kuna mengi ya kurekebisha. Ila weupe ulioungua ni jambo jingine kabisa. Faili ya JPEG, ile ya kawaida ya picha, inahesabu mwanga kwa ngazi 256, kuanzia sifuri ambayo ni giza hadi 255 ambayo ni weupe wa mwisho. Mwanga ukishapita hapo, kila kitu kinaandikwa 255: ncha ya unyoya, kivuli kati ya unyoya na unyoya, kifua, shingo, vyote namba moja. Furushi la filta linaweza kuigeuza 255 iwe 230, na ndege wako atatoka wa kijivu badala ya mweupe, lakini bado bapa. Linarudishaje kivuli ambacho hakikuandikwa? Hakuna mahali pa kukitoa.

Huyo jamaa atakwambia piga kwa RAW, faili ghafi ya kamera isiyobanwa kuwa JPEG. Hapo amesema kweli, piga RAW. Faili hiyo ina ngazi elfu nyingi, 16,384 kwenye kamera za biti 14, na mara nyingi ina akiba kidogo juu ya kile ambacho onyo la kioo linakuonyesha. Ukizidisha mwanga kwa nusu hatua, RAW inakuokoa. Ukizidisha kwa hatua mbili kama ulivyofanya wewe saa nne Kirumba, nayo imejaa mpaka juu, na kilichojaa kimejaa. Anayekuambia RAW inarudisha chochote hajawahi kufungua faili ya ndege mweupe, au ameifungua na anahitaji fedha yako.

Siku hizi wamehamia kwenye akili mnemba. Unaipa ndege asiye na manyoya, inakurudishia mwenye manyoya. Nimeletewa moja, mtu kaja nayo kwa furaha. Manyoya yamepangwa safi kama ya bata wa mapambo, mahali ambapo yangeyange hana manyoya ya namna ile. Programu haikujua kilichokuwepo, ilikisia. Kama unauza urembo na unamwambia mteja kwamba ni urembo, sina ugomvi. Ukimwambia ni ndege wa Luchelele, umemuuzia uongo, na mgeni wa kwanza anayewajua ndege atakayelala hapo atamwaibisha mwenye nyumba.

Jambo jingine linalowaponza vijana ni video za batamaji wa nje. Unaona batamaji mweupe, mvuke unapanda majini, kila unyoya una kivuli chake, unadhani ni kamera. Nyingi za namna hiyo zinapigwa Hokkaido, Japani, kwenye ziwa Kussharo, ambako chemchemi za maji moto huzuia kingo zisigande na batamaji hukaa hapo msimu wa baridi. Hewa ina baridi chini ya sifuri, maji yana uvuguvugu, mvuke lazima upande. Na jua la kule wakati wa baridi linatambaa chini ya anga mchana kutwa, linampiga ndege ubavuni, kila unyoya unatupa kivuli. Vilevile batamaji wengi wa kwenye hizo picha wamezoea watu. Pale Slimbridge, Uingereza, kituo alichokianzisha Peter Scott mwaka 1946, batamaji wa porini wanaokuja kutoka Urusi hulishwa kwa saa maalumu huku wageni wakiwatazama. Ukiwa na ndege anayekuja mwenyewe na jua linalolala, hata kamera ya zamani inakupa picha.

Jua letu halilali. Tuko nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta, jua likichomoza linapanda wima. Saa nne uliyoitaja limeshapanda sana, linampiga ndege kuanzia mgongoni, kifua kinabaki na kivuli kizito na mgongo unaungua. Saa sita hata ukipatia mwanga, joto linafukuta juu ya maji na picha ya mbali inatoka na mawimbi; hilo halina lenzi ya kulitibu. Muda wako ni mfupi. Mwanza jua huchomoza karibu saa moja kasoro robo, na vilima vyetu vya mawe huchelewesha mwanga kufika majini. Basi hesabu kuanzia saa moja na robo hadi saa mbili na nusu, ukafunge kamera ukanywe chai. Una bahati moja ambayo hukuitaja: mji wetu uko upande wa mashariki wa ghuba. Asubuhi ukisimama ufukweni Kirumba au Luchelele ukitazama ziwa, jua liko mgongoni kwako, ndege ameangazwa usoni. Jioni ni kinyume, unapigana na jua na mng'ao wa maji, labda kama unataka kivuli tupu cha ndege mbele ya machweo. Kila mtu anayo hiyo.

Yangeyange wa Mwaloni nao wamezoea watu, kwa sababu ya dagaa na mabaki ya samaki. Kaa chini, goti moja ardhini, lenzi iwe usawa wa jicho la ndege, ngoja. Mita 15 zinatosha kwa lenzi yako ya 300 na atajaza sehemu kubwa ya fremu. Ukitaka mandhari ya mawe bila magunia na kelele za soko, nenda kisiwa cha Saanane. Boti hazichukui muda, lipia kiingilio cha hifadhi, wahi ya kwanza. Kuhusu ukubwa wa picha ya ukutani, usitishwe. Kamera ya megapikseli 24 inakupa pikseli 6,000 kwa upana. Ukichapa pikseli 150 kwa kila inchi unapata inchi 40, yaani mita moja, na picha ya mapokezi haitazamwi kwa pua.

Mteja wako simlaumu. Batamaji amekuja kwetu kwa kadi za harusi na kwa zile taulo zinazokunjwa shingo juu ya vitanda vya hoteli. Huko kwao ana historia ndefu. Wagiriki walisimulia kwamba huimba anapokaribia kufa, jambo ambalo si kweli. Ufini imemfanya ndege wa taifa, na Uingereza hadi leo, kila Julai, wanapita na mashua mto Thames kuhesabu batamaji kwa jina la mfalme. Lakini yangeyange naye ana ya kwake, tena ya manyoya. Karne ya 19 mwishoni, wanawake wa Ulaya na Marekani walivaa manyoya membamba ya yangeyange kwenye kofia, na ndege waliuawa makundi kwa makundi kwa sababu hiyo. Chama cha kulinda ndege cha Uingereza, RSPB, kilianzishwa mwaka 1889 na wanawake waliochoshwa na biashara hiyo. Manyoya hayohayo, yanayoshuka mgongoni msimu wa kuzaliana, ndiyo unayoyaunguza kwa otomatiki. Mwonyeshe mteja picha moja yanapoonekana vizuri halafu umuulize kama bado anataka bata wa Ulaya.

Na akikataa? Kuna watu watamtengenezea batamaji juu ya Jiwe la Bismarck, lile maarufu la ziwani hapa Mwanza, kwa dakika tano. Waache wafanye wao.

Maana hiyo tabia ya njia ya mkato haiishii kwenye kompyuta. Aliyezoea kwamba ndege ni kitu cha kupangwa atakipanga na ufukweni. Nawaona vijana wakirusha jiwe kundi liruke, wapate picha ya mabawa. Wengine wanapanda mpaka kwenye miti ya viota, yangeyange wakubwa wanaondoka wote kwa pamoja, na vifaranga vinabaki kwenye jua la ikweta bila bawa la kuvifunika. Mwewe na kongoti hawahitaji muda mrefu, ni wezi wanaosubiri mlango uachwe wazi. Mpiga picha anashuka mtini na picha yake ya kundi zuri linaloruka, nyuma anaacha viota vilivyokwisha.

Furukombe, tai mla samaki, ndiye anayeteswa zaidi. Kule Naivasha na Baringo, Kenya, waendesha boti wamezoea kumrushia samaki aliyechomekwa bua la mafunjo ili aelee, wanapiga mluzi, tai anashuka mbele ya kamera. Wanaoiga huku nimewaona wakichomeka kipande cha stairofomu, kwa kuwa bua lina kazi ya kulikata. Tai anameza, au anampelekea kinda. Kisha picha inapostiwa na maneno "asili halisi ya Ziwa Victoria", na kozi ya siku moja inatangazwa chini yake.

Ukilipia kozi au safari ya picha, uliza mapema, kabla hujatoa fedha: mtatumia chambo? Mtakaribia viota? Mnarusha droni, na kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, mnacho? Akianza kucheka au kukwambia "wewe njoo tu, picha utapata", usiende. Fedha hiyo weka nauli ya daladala ya Kirumba, asubuhi mbili au tatu. Ukirudi nitumie faili halisi ya RAW pamoja na namba ulizotumia. Usiipitishe kwenye WhatsApp kama picha, inaibana. Itume kama dokumenti. Na huyo jamaa mdai elfu thelathini yako.